Mashine, Madonge na Mikono Yangu

Kwa miezi minne ya mwaka wa tisini na saba nilikuwa kifaa. Sisemi hivyo kwa kujidharau. Kila Jumanne na Ijumaa nilikaa kwenye kiti cha ukumbi wa parokia, mtaani kwetu Katubuka karibu na ziwa, mikono nimeinyoosha mbele, uzi wa sufu umezungushwa juu yake, naye Mama Veneranda ameketi mbele yangu akiuvuta polepole na kuukunja kuwa donge.

Wakimbizi walikuwa wakishuka kila wiki, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kwa njia ya Kagunga kule mpakani, kisha wanapandishwa kambini huko Kasulu ambako baridi haina huruma. Wanawake wa parokia wakaamua kuwafumia watoto wachanga kofia na masweta. Uzi mpya ulikuwa ghali, basi wakafumua masweta ya mitumba, wakaufua ule uzi uliojikunjakunja, wakauanika ukanyooka. Ukishakauka unakuwa kitanzi kikubwa, na kitanzi hakifumiki mpaka kikunjwe donge. Hapo ndipo inapotakiwa mikono ya mtu asiye na kazi. Mimi nilikuwa nimestaafu bandarini, na mke wangu alikuwa amefariki miaka mitano nyuma.

Ieleweke kwamba sikwenda pale kwa ajili ya sufu. Nilikwenda kwa ajili ya Mama Veneranda, mjane mwenye sauti ya chini na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Nilitaka kumwoa. Wahenga wamesema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Kikohozi changu kilikaa kifuani miezi minne bila kutoa hata mlio. Kitanzi kimoja kilichukua saa nzima, na saa nzima hiyo nilipanga maneno. Uzi ukiisha nilisema, "Haya mama, tutaonana Ijumaa," nikaenda zangu nyumbani nikijitukana njia nzima.

Kazi yenyewe si rahisi. Pua huwasha pale pale mikono inapofungwa. Rozalia, mkimbizi wa Burundi aliyewafundisha wenzake kufuma, ndiye aliyenikuna kwa ncha ya sindano yake ya kufumia, tena bila kukatisha maongezi. Wanawake wale walijadili mbele yangu vidonda vya tumbo, waume zao na mambo ya kitandani kana kwamba mimi ni kabati.

Mwezi wa sita akaja Elikana, bwana wa shirika moja la misaada, mwenye fomu na kalamu mbili mfukoni. Akatwambia shirika limependezwa na kofia zetu na lingependa kusaidia, ila tuchague kimoja. Kuna mashine ya kukunjia uzi, pamoja na kitu kama mwavuli cha kushikia kitanzi, ili tuendelee na uzi wa kufumua. Au kuna maboksi ya madonge yaliyokwisha kukunjwa huko kiwandani, ni kuchukua na kufuma tu. Jibu alilitaka Ijumaa.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilijiona kama mtu anayeulizwa anataka kunyongwa kwa kamba ya katani au ya nailoni.

Nikaanza kampeni. Waliotaka mashine niliwaambia kwamba haraka haraka haina baraka, kwamba chuma hakina utu, na kwamba spea zake hazipatikani hata Dar es Salaam. Waliotaka madonge niliwaambia uzi wa kiwandani unawasha ngozi ya mtoto, halafu maboksi yakiisha watabaki mikono mitupu. Katika yote hayo nilisema kweli mara moja tu, hapo mwisho. Bahati mbaya Rozalia alinisikia kote kuwili.

"Mutama," akaniambia, ndivyo kwao wanavyomwita mzee, "mashine huitaki, madonge huyataki. Sasa unataka nini?"

Nikamtazama Mama Veneranda. Alikuwa ameinamia uzi wake. Nikasema nataka maji ya kunywa.

Ijumaa Elikana akaleta mashine tuione, akaibana kwenye ukingo wa meza na kuufungua ule mwavuli. Akajigamba kwamba kitanzi kimoja inakimaliza kwa dakika tano, ilhali amesikia mzee na mama hapa wanatumia saa nzima. Akaongeza, kwa adabu zake zote, kwamba huenda ni umri.

Mama Veneranda akainuka. Aliivua kanga ya mabegani, akachukua vitanzi viwili vilivyolingana, kimoja akampa Elikana, kingine akanivalisha mikononi. Akasema tushindane. Rozalia akashika saa.

Elikana akaanza kuzungusha. Mama Veneranda akaanza kuvuta, na mimi nikapelekwa. Mabega yalikwenda kushoto, yakaenda kulia, kama ya dereva wa lori kwenye barabara ya Kasulu. Kofia ilinidondoka. Uzi ulinipiga puani, na safari hii hakuna aliyenikuna. Nilipofumbua macho mikono yangu ilikuwa mitupu, donge limekaa magotini pake, na mwavuli wa Elikana ulikuwa bado umevaa nusu ya kitanzi.

Dakika tatu na nusu, Rozalia akatangaza. Vigelegele vikapigwa, kisha vikafifia kimoja kimoja, maana kila mwanamke alikuwa akipiga hesabu ile ile. Rozalia ndiye aliyeitamka.

"Mama Veneranda. Kumbe unaweza hivi. Na tangu Februari kitanzi kimoja ni saa nzima?"

Mama Veneranda akaligeuzageuza lile donge. "Kitanzi kikiisha anaondoka," akasema bila kumtazama mtu. "Ningefanyaje? Na yeye hasemi."

Nilijaa furaha na aibu kwa mpigo mmoja. Miezi yote ile nilidhani mimi ndiye ninayemwibia muda, kumbe tulikuwa wezi wawili kwenye uzi mmoja. Mikono yangu ilikuwa bado imenyooka hewani, haina kitu.

"Mama Veneranda," nikasema, "naomba nikuoe."

"Shusha mikono kwanza."

Nikaishusha. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema amekubali, na wanawake wakaanza upya vigelegele vyao.

Elikana alisubiri kelele zipungue. Fomu yake ilikuwa bado tupu, na yeye ni mtu wa kazi. Akauliza basi aandike nini, mashine au madonge.

Mama Veneranda akanipima kwa macho, toka utosini mpaka viatuni.

"Andika mashine," akasema. "Huyu kuanzia leo hana nafasi."