Mashine Yenye Virusi

Wanafunzi wa darasa la saba walimwita mwalimu wao Daktari Waya, na jina likamkaa. Shule ilikosa mwalimu wa Teknolojia, ikamtazama mwalimu wa Afya, ikaona huyu huyu anatosha. Basi asubuhi akawa anafundisha mapafu, mchana kibodi. Kuna watu wangelalamika. Yeye alijiona bingwa, na ubingwa huo ndio uliomponza.

Jumanne mchana, kompyuta iliyo karibu na dirisha ilianza kufungua kurasa yenyewe. Darasa lilikuwa limeshiba na kusinzia. Mwalimu akachomoa waya, akabandika karatasi yenye maneno INA VIRUSI, kisha akaona awachangamshe kidogo.

"Hii sasa haiguswi!" akasema kwa sauti ya kuigiza. "Yenye virusi haichanganywi na wenzake. Tunaichomoa, tunaisukuma kona, ikae huko peke yake isije ikawaambukiza wazima."

"Na sisi tulioigusa jana, mwalimu?"

"Mmekwisha nyie! Kanaweni mikono upesi!"

Darasa lilicheka mpaka meza zikatikisika. Naye akacheka, maana hakuna kitu kitamu kama kuchekewa utani wako. Ndipo jicho lake likamwangukia Chiriku.

Msichana huyo aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kuongea, hata kengele ilisubiri. Mwanzoni mwa mwaka shangazi yake alikuja ofisini, akafunga mlango mwenyewe kabla ya kukaa. "Mwalimu, huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Amezaliwa na virusi vya UKIMWI. Dawa anameza kila siku, mzima kama mimi na wewe, na mwenyewe anajua. Hapa shuleni nakwambia wewe tu, kwa kuwa wewe ndiye wa afya." Mwalimu aliapa kuitunza siri hiyo, na kweli aliitunza. Hakuna aliyesikia kwake hata nusu neno.

Sasa Chiriku hakuwa anacheka. Alikuwa ameondoa mikono kwenye kibodi na kuikalia.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema mtu afanye nini akishajikwaa. Kesho yake Chiriku alikaa mwisho kabisa wa benchi. Rafiki yake alipomnyooshea kipanya, hakukipokea mkononi. Alingoja kiwekwe mezani kwanza. Alipomaliza alitoa leso akakifuta, polepole, pande zote. Kutwa nzima hakusema neno, na mwalimu alijisikia mchafu kuliko mashine zote duniani.

Jioni shangazi akapiga simu.

"Mwalimu, kuna nini huko shuleni? Mtoto ametenga kikombe chake na sahani yake. Dawa anazitazama tu, mpaka nimgombeze ndiyo ameze. Ananiuliza eti, shangazi, mimi nitaharibu wangapi?"

Hapo ndipo pa kusema ni mimi, dada, ni mdomo wangu. Mwalimu akakohoa. "Nitafuatilia, dada," akajibu, na mwanamke wa watu akamshukuru sana. Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

Akawaza. Kumwomba radhi mtoto mbele ya wenzake ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Kunyamaza nako ni kumwacha aendelee kufuta kipanya. Akaamua atafundisha somo lenyewe, bila kumgusa mtu.

"Juzi nilisema upuuzi," akawaambia Alhamisi. "Mashine ni mashine, mtu ni mtu. Mwenye virusi vya UKIMWI mnakaa naye benchi moja, mnashikana mikono, mnakula sahani moja, na hakuna anayeambukizwa kwa hayo. Akimeza dawa zake anasoma, anafanya kazi, anazeeka na kuwa msumbufu kama mimi."

Walicheka kidogo, wakasikiliza sana. Mwalimu naye alikuwa anayachunga macho yake. Aliangalia wa mbele, akaangalia wa nyuma, akaangalia mlango. Mwisho wa lile benchi alipakwepa kama mtu anayeruka dimbwi. Kengele ilipolia alishusha pumzi, akajiona ameponya alipojeruhi.

Wenzake walipotoka, Chiriku alibaki.

"Mwalimu, leo umemwangalia kila mtu. Mimi umeniruka."

"Nilikuwa sitaki wenzako waka..."

"Najua ulikuwa hutaki nini. Lakini rafiki yangu ameniuliza, mbona mwalimu haangalii huku kwetu? Nimekosa la kumjibu."

Hapo mwalimu akaelewa. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na bado alikuwa amemsukuma mtoto kona kwa mara ya pili.

"Nisamehe, mwanangu."

"Kwa la juzi au la leo?"

"Yote mawili."

Chiriku akafikiri, huku akitia mkono kwenye kamba ya begi. Ulikuwa uso wa mtoto, lakini aliupima ule msamaha kama mtu mzima.

"La juzi nimekusamehe. Ulijisahau tu, ukatuona sote tuko sawa," akasema. "La leo ulikusudia."

Akatoka, na mwalimu hakuthubutu kumfuata.