Foleni Inaelekea Mlangoni

Wachongaji wa Kimakonde wana mnara wao ambao karibu kila mgeni wa Dar es Salaam ameuona: watu wamepandana, huyu mabegani kwa yule, kutoka chini hadi juu, mpaka gogo zima la mpingo linakuwa ukoo. Sesilia Marselino alijifunza kuuchonga kwa baba yake, aliyetoka Newala akaja kupiga banda kando ya Barabara ya Bagamoyo, wakati Tegeta bado ni mashamba. Kazi hiyo haikuwa ya wanawake. Lakini mzee Marselino hakuwa na mtoto wa kiume, alihitaji mtu wa kumshikia gogo, na huyo mtu, baada ya kushika sana, siku moja aliomba tezo. Akapewa.

Mzee alipofariki, banda lilibaki mikononi mwa Gervas, mtoto wa baba mkubwa wa Sesilia. Gervas aliuza, Sesilia alichonga. Kazi zikinunuliwa zilifungwa magazeti zikaondoka, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona hata moja ikiwa imewekwa mahali pake, mezani au sebuleni kwa mtu. Wazo hilo lilimjia mara kwa mara, bila uchungu, kama mtu anavyojiuliza rafiki yake wa shule ya msingi anaishi wapi siku hizi.

Kisha akauchonga mnara uleule, ila akaulaza. Watu wake hawakupandana. Walipangana kifua kwa mgongo, gogo likiwa limenyooka sakafuni. Wote wanatazama mbele isipokuwa wa mwisho, aliyegeuka kuona nani anafuata. Mmoja ana tenga kichwani, mmoja amesinzia, mmoja ametoa mkono kama konda. Alilipata wazo hilo Kimara, juu ya daraja la waenda kwa miguu, alipokuwa akitazama magari yaliyokwama barabarani chini yake. Kazi hiyo akaiita Foleni. Aliikusudia ilale chini, mtu aitazame kutoka juu, na kichwa chake kielekee mlangoni, kwa sababu hakuna anayepanga foleni kuelekea ukutani.

Aliyeipeleka mbali ni Najat, binti wa Kinondoni aliyekuwa mkalimani na mtafutaji wa kazi za sanaa kwa ajili ya wageni. Alipita bandani siku ambayo Sesilia hayupo, akapiga picha, akamuuliza Gervas maswali, akaandika. Miezi ikapita. Jibu likaja kwamba Foleni imechaguliwa kwa maonyesho ya kimataifa huko Ureno, itakaa katika ukumbi mkuu, na mwandaaji mmoja anakuja kuiona kabla haijafungwa kwenye sanduku.

Mwandaaji huyo aliitwa Helena, mwanamke mfupi mwenye mvi. Aliposhuka kwenye gari alimwendea Gervas moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kusema. Alisema muda mrefu. Gervas hakuelewa neno, lakini alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Anasema kazi yako imemnyima usingizi," Najat akatafsiri.

"Yangu?" Gervas aliuvuta mkono wake taratibu. "Mie nauza tu, binti. Mwenye kazi yule pale."

Sesilia alikuwa kwenye kigoda, kanga kiunoni, akipiga msasa mgongo wa kiboko. Najat akaziba mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeshtuka, mwanangu?"

"Kule nimeandika kwamba wewe ni mwanamume."

Sesilia aliweka msasa chini. "Kaka alikwambia hivyo?"

"Hapana. Alisema fundi anachonga, fundi anakaa jirani, fundi kafundishwa na baba yake. Kiswahili hakiulizi zaidi ya hapo. Kiingereza kila sentensi kinataka uchague, mwanamume au mwanamke. Nikachagua."

"Ningejua kuna mtihani ningetaja," alisema Gervas.

Najat hakucheka. "Na mie mwenyewe mwanamke," alisema, kama anayejisemea.

Helena alipotafsiriwa maneno hayo, alimtazama Sesilia, akaitazama Foleni iliyolala katikati ya banda, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha. Akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya vichwa vile.

"Anauliza, hawa ni akina mama wanaobeba mizigo ya maisha?"

"Wapo kwenye foleni. Huyu konda."

"Na huyu mwenye tenga?"

"Huyo anapeleka kuku Kariakoo. Ni mwanamume. Mtazame ndevu."

Helena alitazama ndevu, akakubali. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja na kueleza jambo jipya, kwa utaratibu, akimsubiri Najat kila baada ya maneno machache. Katika ukumbi mkuu wasanii wanawake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Yeye alikuwa amebishana na wenzake kwa miaka mpaka akapata chumba cha wanawake, chenye jina lake, Mikono ya Mama, na wafadhili wake. Sasa angependa Foleni ihamie huko. Ingewekwa juu ya meza, taa juu yake, na picha kubwa ya Sesilia mlangoni. Tena wafadhili wa chumba kile huwasafirisha wasanii wenyewe. Ukumbi mkuu hauna fungu hilo. Huko kazi husafiri, mtu hubaki kwao.

Sesilia alikuwa na swali moja. "Nitaiona ikiwa imewekwa?"

"Utaiona, mama. Utakaa huko wiki nzima."

Akaomba apewe hadi kesho.

Jioni alikwenda kukaa barazani kwa jirani yake Mwanakombo, aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka, mwaa mmoja wa ukindu kaubana menoni.

"Ureno," alisema Mwanakombo alipoutoa ule mwaa. "Utapanda ndege wewe, mama Noela, na pantoni la Kigamboni tu unalishikilia kama linazama?"

"Sijasema naenda."

"Kwa nini hujasema? Una mgonjwa?"

Sesilia akamweleza yote. Mwanakombo alisuka huku anasikiliza.

"Chumba cha wanawake watupu."

"Ndiyo."

"Basi kicheni pati hiyo."

Sesilia akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Usinichekeshe, jirani."

"Sikuchekeshi. Mie kicheni pati naipenda, naenda, natunza, nacheza mpaka viatu navua. Lakini keshoye kuna harusi ukumbini, watu wote wapo. Wewe kadi ya ukumbini unayo mkononi. Wanataka uirudishe, wakupe ya kicheni pati."

"Na usafiri juu yao."

"Na usafiri juu yao," Mwanakombo alikubali. "Hapo ndipo penye kazi."

"Ungekuwa wewe?"

"Mie ningepanda ndege. Ila mie kazi zangu naziona kila siku, watu wanazilalia. Wewe zako huzioni." Aliurudisha mwaa menoni, akautoa tena. "Huyo mama si mtu mbaya lakini."

"Si mtu mbaya."

Hilo Sesilia alikuwa na hakika nalo, na ndilo lililofanya jambo kuwa gumu. Helena angekuwa mjanja, jibu lingekuwa rahisi.

Asubuhi alifika bandani mapema, akamwomba Gervas amsaidie kuinyanyua Foleni na kuiweka juu ya meza. Kisha akatoka hadi barabarani, akarudi akiitazama kama mpita njia. Juu ya meza watu wale walionekana kwa ubavu. Walikuwa wazuri; mikunjo ya nguo ilionekana vizuri zaidi kuliko chini. Lakini hawakuwa wakisubiri kitu tena. Walikuwa wamepangwa, kama vile vifaru na vinyago vingine vya Gervas, na yule wa mwisho aliyegeuka nyuma alionekana anamtazama mnunuzi.

"Imependeza," alisema Gervas.

"Imependeza sana. Tuishushe."

"Sesi." Gervas hakuinama kushika upande wake. "Hiyo tiketi haiji mara mbili. Ukirudi hapa utakuwa mtu mwingine, bei itakuwa nyingine, mie nitakuwa nakuamkia shikamoo. Meza ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Shika upande huo, kaka."

Wakaishusha.

Helena na Najat walikuja kabla ya saa sita. Sesilia aliwapa viti, akawaagizia maji, kisha akaomba aone kazi nyingine za chumba kile. Helena alimwonyesha picha kwenye simu yake. Kulikuwa na vitambaa, kulikuwa na vikapu, kulikuwa na chungu kikubwa cha mama mmoja wa Msumbiji, kimekunjwa shingo kama kinasikiliza kitu. Sesilia aliomba arudishiwe picha ya chungu hicho.

"Hiki mbona hakikuwekwa ukumbini?"

Najat akatafsiri. Helena alifunga simu. "Anasema alijaribu," alisema Najat. "Wenzake hawakukubali."

"Na Foleni walikubali."

"Ndiyo. Wote."

"Kabla hawajajua mie ni mwanamke, walipanga kuiweka wapi hasa?"

"Katikati ya ukumbi mkuu, sakafuni. Peke yake."

"Basi iacheni hapohapo."

Helena alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Hakukasirika, alionekana amechoka ghafla. Alisema huko ukumbini hakuna atakayejua kwamba imechongwa na mwanamke, na hilo ndilo limekuwa likitokea miaka yote: wanawake wanachonga, wanachora, watu wanapita bila kujua.

"Hapo ana haki," alisema Sesilia. "Mwambie chini ya kazi zangu huwa nachonga S. Marselino. Baba alinifundisha hivyo, nafasi ni ndogo. Hii waandike ukutani jina zima. Sesilia."

"Na safari, mama?" Najat aliuliza hilo mwenyewe. "Anasema ataomba, ila hawezi kuahidi. Nionavyo mie, haitapatikana."

"Najua." Sesilia aliinama, akaondoa kwa ncha ya kanga vumbi lililokaa kwenye kichwa cha aliyesinzia. "Ila mwambie na hili. Kichwa kielekee mlangoni. Asisahau."

Helena aliitikia kwa kichwa, akampa mkono, na akaushikilia kidogo. Sanduku lilikuja kesho yake.

Safari haikupatikana. Maonyesho yalifunguliwa miezi miwili baadaye, na Najat akatuma picha. Mwanakombo aliletewa simu barazani, Gervas naye akaja, wakaitazama watatu. Ukumbi ulikuwa mpana, sakafu ya kijivu, na Foleni imelala katikati, haina jirani. Watu walikuwa wameizunguka, wameinamisha vichwa, kama watu wanaotazama magari kutoka juu ya daraja. Ukutani paliandikwa Sesilia Marselino, Tegeta.

"Jina zima," alisema Mwanakombo. "Hata mie nalisoma bila miwani."

Sesilia alikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza polepole. Kisha akairudisha nyuma, akaitazama upya.

"Nini?" aliuliza Gervas.

"Imegeuzwa."

Ilikuwa kweli. Kichwa cha foleni kilielekea ukutani, watu wote wale wamepangana kwenda mahali pasipo na njia. Aliyetazama mlango ni yule wa mwisho peke yake.

"Ungekuwepo," alisema Gervas, na safari hii hakusema kwa kumlaumu.

"Ningekuwepo ningeisukuma kwa mguu tu."

Akamtumia Najat ujumbe wa sauti, mfupi, bila kupaza. Kisha akarudi bandani, akaendelea kupiga patasi gogo jingine, simu ikiwa juu ya benchi. Alasiri jibu likaja, nalo lilikuwa la sauti.

"Mama, nimewaandikia. Mafundi wa ukumbi wameuliza ni nani anayesema igeuzwe. Nikawajibu, mchongaji mwenyewe anasema. Kwa Kiingereza hiyo, na safari hii nimechagua sawa, mwanamke. Tazama picha."

Katika picha Helena alikuwa amepiga magoti, mikono yake kwenye kichwa cha foleni, na wanaume wawili wenye glavu wameshika mkia. Walikuwa wamefika nusu. Foleni ilikaa kimshazari, haielekei ukutani, wala bado haijaelekea mlangoni.

Sesilia aliisogeza simu karibu na macho.

"Bado kidogo," alisema.