Dunia ya Shemeji Ilikuwa Sketi

Sioni haya kujisifu: mimi ni fundi. Shule niliishia darasa la nne, hesabu zilizobaki nikazimalizia kwenye viuno vya watu. Nikikutazama unavyoingia mlangoni najua mita ngapi zitakutosha. Nikikosea, basi umebana tumbo ili unidanganye.

Cherehani zangu tatu ziko chumba cha mbele, penye dirisha pana linalotazama barabara. Nyumba ni ya mama mkwe. Upande mmoja nakaa mimi, mume wangu na binti yetu. Upande wa pili anakaa shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyestaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kupanga mizigo ya ndege. Kazini alitoka na kichwa kilichojaa ratiba za ndege, na nyumbani akaingia na simu iliyojaa video. Hizo video ndizo zilizomwambia kwamba dunia ni bapa kama sinia.

Mwanzo tulicheka. Kisha akapata wenzake sita wa kuamini naye, na hao sita wakahitaji mahali pa kukutana. Siku moja akasimama katikati ya vitambaa vyangu, mikono nyuma, akavuta pumzi.

"Shemeji, hiki chumba kina hewa. Mashine zako zingekaa vizuri tu kule koridoni, karibu na bafu."

Koridoni hakuna hata dirisha. Mteja gani atapita bafuni kuja kupimwa gauni? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia.

"Usipandishe sauti," akasema. "Sisi tunajadili dunia. Wewe unajadili vifungo."

Hapo damu ilinichemka. Nikamwambia kama anaijua dunia kiasi hicho, aithibitishe mbele ya mama, mwenye nyumba, siku ya Jumapili. Akishinda, mashine nitazibeba kwa mikono yangu mwenyewe. Akishindwa, asahau kabisa habari ya chumba changu. Mume wangu alinikonyeza ninyamaze, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na usiku ule sikuwa na hamu ya kula. Kile chumba ndicho kilichonifanya niitwe fundi na watu wasionijua.

Shemeji alikubali upesi. Na kwa kujiamini kwake akafanya kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote anayejua kushika sindano: ramani yake akaniletea mimi nimshonee. Alitaka kitambaa cha kutundika ukutani siku hiyo ya Jumapili, duara la mita mbili, ncha ya kaskazini katikati, nchi zote zimeizunguka, na barafu ya kusini ukingoni pande zote.

Niliitandaza ramani juu ya meza ya kukatia. Nikaizunguka mara moja, mara ya pili, nikaanza kucheka peke yangu. Jamani, hii si ni sketi ya mwavuli! Kiuno kaskazini, pindo kusini. Na kila mshonaji anaijua sketi hiyo: kiuno unakimaliza mara moja, pindo linakula mchana mzima, kwa sababu kadiri unavyoshuka ndivyo kitambaa kinavyopanuka. Australia ya shemeji ilikuwa imetanuka mbavu kama fulana iliyoanikwa vibaya.

Nilimshonea, tena vizuri. Kazi yangu siiharibu kwa sababu ya ugomvi. Nilipomaliza nikachukua mpira mkubwa wa binti yangu na atlasi yake ya shule. Nikakata vipande kumi na viwili vya kitambaa, vipana katikati na vilivyochongoka juu na chini, nikachora nchi kwa wino, nikaviunganisha juu ya mpira. Mshono wa mwisho niliufunga kwa mkono. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja, na kusema kweli nilitamani kuubusu.

Jumapili mchana mama alikaa kwenye kiti chake. Siku hizi anaona mwanga na vivuli tu, lakini alikuwa mkunga kwa miaka arobaini, na vidole vyake havijastaafu. Shemeji akaongea nusu saa nzima. Akasema maji hayapindi, akamimina glasi kuonyesha. Akasema mguu wake haujawahi kuhisi mteremko wa dunia. Aliongea vizuri, simnyimi haki yake.

"Na wewe?" mama akaniuliza.

"Mimi nina maswali tu, mama." Nikamgeukia. "Shemeji, ndege ya moja kwa moja, London hadi Singapore, inachukua saa ngapi?"

"Kumi na tatu," akajibu kabla sijafunga mdomo.

"Na Sydney hadi Santiago, kule Amerika ya Kusini?"

"Kumi na tatu pia, au kasoro kidogo. Uliza nyingine!"

"Hizo zinatosha."

Nikachukua uzi, nikaulaza juu ya kitambaa chake kutoka London hadi Singapore, nikaukata. Nikaulaza mwingine kutoka Sydney hadi Santiago, nikaukata. Zote mbili nikamwekea mama kiganjani. Akazivuta polepole kati ya vidole, akarudia tena.

"Huu ni mara mbili ya mwenzake, na zaidi," akasema.

"Na saa ni zile zile, mama. Aliyezitaja ni mwanao."

Shemeji akasema nimekata vibaya. Nikampa mkasi akate mwenyewe. Akakata, akapima, akatazama.

"Labda ile ya kusini inakwenda mbio zaidi," akasema.

"Mara mbili?" akauliza mume wangu, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

Shemeji angeweza kudanganya. Nani kati yetu angejua? Lakini ile miaka ishirini na sita haikumruhusu. Alitikisa kichwa kidogo tu kukataa, na kwa hilo nilimheshimu.

Nikauleta mpira wangu. Nikapima safari zile zile mbili, na nyuzi zikatofautiana kwa upana wa kucha. Mama akazigusa. Kisha akaupakata mpira, akaupapasa kutoka utosini hadi chini, akapita kwenye kila mshono bila haraka.

"Hiki ni kichwa kizuri," akasema. "Mashine zibaki pale pale. Na nani kakushonea hivi, mwanangu, mbona sioni mshono unapoanzia?"

"Mimi, mama."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimevimba kwa fahari, na sikujali nani ananiona.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakata mikono ya shati nilipoona kivuli dirishani. Shemeji alikuwa amesimama nje, barabarani, kama mpita njia, kofia mkononi.

"Ule mpira," akasema. "Nataka kama ule. Wale sita wanakuja Ijumaa. Niwekee na njia za ndege. Saa zake nitakutajia mimi, zote ninazo."

Nikaweka mkasi chini.

"Wateja wangu hupita mlangoni, shemeji," nikamwambia. "Ingia."