Kabla Enelesi Hajajibu

...na hilo neno "ukweli" ndilo lililomkaa Enelesi kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu Mchungaji Chimtali alilisema kwa upole, angelisema kwa ukali ingekuwa rahisi, mtu mkali unamjibu kwa ukali mkaachana, lakini yeye aliinama mbele kwenye kiti chake, viganja vimekutana katikati ya magoti, akasema, "Mama, wewe umeishi ndani ya ndoa ya namna hii, sisi wengine tunaisoma tu, basi mwambie binti yako ukweli," na Tiyamike kwenye kochi la pili akageuka kumtazama mama yake kwa macho yale ya baba yake, makubwa, yasiyojua kuficha kitu, yanasema usiniangushe, mama, usiniangushe leo, na Enelesi akainua kikombe cha togwa akanywa, si kwa kiu, kunywa ni namna ya kutosema, ingawa NaPhiri, mke wa Mchungaji, alikuwa ametia sukari hadi meno yanalia, mikono ya NaPhiri bwana, haina breki, na sasa NaPhiri mwenyewe amesimama mlangoni na sahani ya karanga, hajui aingie nayo au arudi nayo jikoni... ukweli, eti, ukweli upi sasa, maana juzi baada ya ibada Mchungaji alimshika mkono nje ya kanisa akamwambia, "Njoo Jumamosi umwokoe mtoto, mama, wewe atakusikia," naye akajibu, "Nitasema, Mchungaji," na leo njiani Tiyamike akamwambia, "Mama, waeleze tu jinsi wewe na baba mnavyopendana, wataishiwa maneno," naye akajibu, "Nitasema, mwanangu," nitasema huku, nitasema kule, ulimi mmoja umeahidi nyumba mbili, na saa ya kusema imefika, ulimi umelala.

Si kwamba Mchungaji ni mtu mbaya, hapana, Enelesi hawezi kumsema vibaya mtu aliyempakia kwenye baiskeli yake hadi hospitali ya Balaka malaria ilipompanda kichwani, akimwimbia njia nzima ili asilale akaanguka, na leo pia amezungumza kama baba, amesema maneno ya Paulo kuhusu nira, msifungwe pamoja na wasioamini, hakuyaandika yeye Chimtali, aliyakuta, na kwamba Tiya akiolewa na Jafali hatazuiwa na mtu, ni mtu mzima, lakini kanisani hakutakuwa na baraka, na kwenye Meza ya Bwana itabidi akae kando kwa muda, na Tiya akauliza, "Na kwaya, Mchungaji?" na Mchungaji akatazama sakafu, "Na kwaya, mwanangu," na sauti ilimtoka kwa shida, maana kila mtu anajua bila Tiya ile sauti ya pili inakuwa kama paa lililokosa nguzo... naye Jafali, huyo kijana Mwislamu wa Mangochi, fundi umeme, angekuwa mhuni ingekuwa nafuu, mhuni unamfukuza kwa ufagio, lakini huyu kila akija huleta dagaa wa ziwani waliokaushwa vizuri, amewafunga kwenye gazeti, anapiga magoti kusalimia, "Mama, hamjambo hapa," na Mchungaji alipompa njia ya mkato, akamwambia, "Kijana, ingia darasa la ubatizo, miezi michache tu, maji kichwani, mambo yamekwisha," Jafali alicheka kidogo akasema, "Mchungaji, nikimdanganya Mungu wenu leo ili nimpate binti yenu, kesho nitashindwa kumdanganya binti?" na Mchungaji, mtu wa haki, akacheka naye, Enelesi alisikia hayo akakasirika, kisha akiwa peke yake kisimani akajikuta anatabasamu, akasema kwa sauti, "Mjinga huyu, ni Akimu mtupu..." Akimu wake, mumewe, Mwislamu naye, ambaye asubuhi hii aliombwa aje, akakataa, amekaa kwenye cherehani barazani pale sokoni, uzi mdomoni, akasema, "Hayo ni ya kanisa lenu, Nele, mimi nikiingia watashindwa kusema vizuri kuhusu mimi, au watashindwa kusema vibaya, vyote viwili vinachosha," fundi Akimu Wadi, ambaye sare zote za akina mama wa kanisa kashona yeye, na joho jeusi la Mchungaji kashona yeye, hata NaBanda wa pale sokoni kila akiliona joho lile humtania, "Ndiyo maana mahubiri yamenyooka siku hizi, Mchungaji, kola imekazwa kwa Bismillahi," na Mchungaji hucheka hadi anashika tumbo.

Basi ukweli, anaufahamu, ameubeba tangu ujana, alipotengwa na Meza kwa sababu hiyo hiyo, akakaa benchi la mwisho pamoja na wanaume walioongeza mke na wasichana waliopata mimba, na Jumapili ya kwanza mkate ulipopitishwa ukaruka mikono yake kama maji yanavyokwepa jiwe, akarudi nyumbani analia, na Akimu, kijana wakati huo, hana hata ndevu za kutosha, akauliza, "Wamekupiga?" akasema hapana, "Wamekutukana?" hapana, "Sasa?" akasema, "Wamegawa mkate, mimi hawakunipa," na Akimu akakunja uso, akatoka, akarudi kutoka dukani na mkate mzima, mkubwa, wa kukatwa, akamwekea mapajani, "Kula, watu gani hawa wana uchoyo namna hiyo, mkate tu!" naye Enelesi akacheka, akacheka hadi kilio kikarudi kupitia kicheko, na Akimu amesimama pale hajui amekosea wapi, akamkatia kipande... lakini hiyo ndiyo sehemu ambayo Tiya anataka isemwe, mama, si ndiyo hiyo, baba na mkate, ameisikia tangu mdogo, kuna nyingine hajaisikia, ya Limbani, mtoto wa kwanza, aliyeishi mwezi mmoja na siku kadhaa, hajabatizwa bado maana mama yake alikuwa hajarudishwa Mezani, akaondoka asubuhi kwa homa, na kabla ya adhuhuri kaka zake Akimu walikuwa wamekwisha kuja, wapole, wenye haraka ya dini yao, wamemkosha, wamemvika sanda, wamembeba, na wanawake hawaendi makaburini kwao, Enelesi akabaki kwenye mkeka katikati ya shangazi waliokuwa wanamsomea maneno asiyoyajua, watu wake wako Ntcheu, mama yake amefika siku ya pili anakuta udongo umekwisha kukauka, "Mmemzika mjukuu wangu kimya kimya kama kuku?" akasema mama, Mungu amrehemu alikuwa na mdomo, na ndivyo Enelesi alivyohisi, kimya, bila wimbo, hata ubeti mmoja, mtoto ameingia ardhini bila mtu kumwimbia, na huo ndio upweke, Mchungaji, ndio ukweli unaoutaka, si kwamba mume anakuzuia kuomba, Akimu hajawahi kumzuia, ni kwamba siku unapovunjika, mnakimbilia milango miwili tofauti, na kule ulikokimbilia wewe ukigeuka humwoni... basi, hiyo ndiyo atakayosema, ameamua, kikombe kimefika nusu, atamwambia Tiya kuhusu Limbani na Tiya atalia na Mchungaji atainamisha kichwa na jambo litaisha, binti atarudi kwenye sauti yake ya pili, Jafali atakwenda na dagaa wake kwa mama mwingine, ndiyo, amefungua mdomo hasa... "Mama, karanga?" NaPhiri ameamua kuingia, sahani imemfika usoni, akachukua mbili kwa adabu, akatafuna, na katika kutafuna huko akasikia neno la Mchungaji likirudi, nira, nira, akamwona baba yake kule Ntcheu mlimani, mwaka ule maksai mmoja alikufa akanunua mwingine mchanga, mfupi, badala yake, akamfunga pamoja na yule mzee mrefu kwa sababu mahindi hayasubiri, na majirani wakasimama kando ya shamba wakamzomea, "We mzee, huyo mdogo utamnyonga!" na jioni nira ilipofunguliwa baba akapita na mkebe wa mafuta kupaka shingo, Enelesi mdogo ameshika taa ya chemli, kumbe mfupi ana mchubuko kidogo tu, kidonda chenyewe, chekundu, kinene, kiko kwa yule mrefu, maana yeye ndiye aliyeinama siku nzima, na baba akasema, "Angalia, hata sauti hakutoa..."

...hata sauti hakutoa, akaacha kutafuna, kwa sababu sasa anaona kitu ambacho amekiona kila mwaka na hajawahi kukitazama, asubuhi ya Idd, Akimu anatoka na kanzu aliyojishonea mwenyewe, anapita uani anamsalimia, "Nele, nimekwenda," naye Enelesi yuko jikoni na kuku, manyoya hadi viwikoni, anawaza mchele, anawaza wageni, "Nenda salama," na njiani wanapita akina baba wa mtaa wao, kila mmoja na wanawe mbele yake wamepangana kama vidole, kofia mpya, wanasukumana, wanacheka, na Akimu nyuma yao, mikono mgongoni, peke yake, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu watoto wake wote wako kanisani, wote, mjomba wake Enelesi alisema siku ya posa, watoto ni wa ukoo wa mama, wataomba kwa mama, na Akimu akasema, "Sawa, mjomba," neno moja, akalishika, hajalitupa hata siku ya ugomvi, watoto wakabatizwa na nguo zao za ubatizo kashona nani, kashona yeye, nyeupe, na lesi ya pembeni, akamkabidhi Enelesi mlangoni mwa kanisa akabaki nje... wote, isipokuwa mmoja, ee Bwana, isipokuwa Limbani, katika watoto wote aliozaa Akimu huyo peke yake ndiye aliyesimamiwa kwa sala ya baba yake, huyo wa mwezi mmoja, na yeye Enelesi siku ile aliona mtoto ananyang'anywa, hakuona hata mara moja kwamba kuna mtu mwingine anapewa, siku moja tu, asubuhi hadi adhuhuri, kisha udongo... na bado kesho yake, jua halijakolea, Akimu alimpakia kwenye baiskeli, yeye mwanamke, mbele ya macho ya kaka zake, akampeleka hadi kwenye makaburi yao, akasema, "Mimi nimekwisha kumwambia yangu, wewe pia mwambie yako, nitasimama hapa mtu asikusumbue," akaenda akasimama penye njia, amewapa mgongo, na Enelesi aliimba beti zote, sauti inakatika inarudi, akadhani Akimu amegeuka kwa sababu nyimbo za kanisa haruhusiwi kuzisikiliza, miaka yote hii ndivyo alivyodhani, lakini mabega yake, sasa anayakumbuka mabega yake, yalikuwa yanatikisika, na yeye hakuuliza, hakuuliza siku ile wala baadaye, alikuwa na machozi yake ya kutosha, hakuwa na nafasi ya mengine.

Nje, jogoo wa NaPhiri amepanda juu ya ndoo na kuiangusha, na NaPhiri anasema, "Wewe! Krismasi haiko mbali!" na Mchungaji Chimtali bado ameinama mbele, viganja katikati ya magoti, hana haraka, na Tiya bado anamtazama, ni kama hakuna aliyepumua tangu swali liulizwe, wala togwa haijapoa kwa sababu haikuwa moto, na Enelesi anamtazama binti yake, anamwona mzuri, anamwona mdogo, angependa kumpakata, huyu naye atalia, na kijana wa watu atalia mahali ambapo huyu hatasikia, na Mchungaji hakukosea, Paulo hakukosea, ni mzigo, ni mzigo hasa, ila yeye alikuja hapa akidhani anajua ni nani aliyeubeba... akaweka kikombe chini.

"Tiya," akasema, na sauti ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka, akakohoa, akaanza tena, "Tiya mwanangu, nilikuja hapa kukwambia kwamba ni upweke. Na ni kweli, ni upweke, Mchungaji hakudanganyi, usije ukasema hukuambiwa. Lakini nimekaa hapa nimeona kwamba mimi naujua nusu tu. Nusu nyingine anayo baba yako, na tangu tuoane sijawahi kumwuliza. Mchungaji, tuwie radhi. Inuka, mwanangu, twende sokoni tukamwulize."