Bango la Arobaini na Moja

Gundi ilikuwa bado ya moto. Mama Adoyo aliipika alfajiri kwa unga wake mwenyewe wa ngano, kwa sababu ofisi ya afya ya wadi haikuwa na gundi, kama vile haikuwa na wino wa printa wala sabuni ya kunawia mikono, akaibeba ndani ya ndoo ya rangi mpaka langoni. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika mtaa wa Kiungani, mwanamke wa miaka sitini na miwili aliyejua kila mlango na kila mtoto nyuma ya mlango. Kujitolea ni neno tamu. Maana yake ni kwamba marupurupu ya mwezi ule yalikuwa hayajaingia, na ya mwezi uliotangulia vilevile.

"Nasike, nyathina, mwanangu, twende kabla jua halijawa kali," alisema.

"Nipe dakika tano, Mama. Bosi ananiita."

Hakumwambia kwa nini ameitwa. Majibu ya maabara yalikuwa yamefika kwenye simu yake saa moja na robo, akiwa kwenye foleni ya bafu la ploti anakopanga, taulo begani. Nasike alikuwa afisa wa afya ya umma, miaka kumi na mmoja kazini, na kazi yake kwa ufupi ni kupima hatari na kuwaeleza watu. Wiki mbili kabla, akina mama wa Kiungani walipolalamika kwamba watoto wanaumwa na tumbo, alichota maji ya kisima cha Mugo, ambacho nusu ya mtaa hukitegemea, akayapeleka yapimwe. Huku akisubiri, aliwaambia watu wachemshe maji ya kunywa. Afisa yeyote angesema hivyohivyo.

Sasa majibu yalisema hakuna vijidudu. Kulikuwa na risasi, madini yale ya ndani ya betri za magari, mara tisa zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Nyuma ya kisima kuna yadi ya kuyeyusha betri kuukuu, na hakuna mtu Kiungani asiyeujua moshi wake. Sumu hiyo haifi kwa moto. Ukichemsha, maji yanapaa kama mvuke, sumu yenyewe inabaki sufuriani. Nasike alisoma mpaka mwisho, akaingia kuoga zamu yake ilipofika. Alingoja ashtuke, hakushtuka.

Bwana Wanyoike, mkubwa wake, alikuwa akila mandazi mezani. Kando yake palikuwa na katoni mbili zenye vumbi.

"Mabango ya mwaka wa kipindupindu," alisema. "Yalibaki. Wakaguzi wanakuja kesho. Leo bandika themanini Kiungani. Kila moja piga picha, weka nambari, tuma kwa grupu."

Nasike alichukua moja. CHEMSHA MAJI, OKOA MAISHA. Chini ya maneno kulikuwa na picha ya sufuria inayotoa mvuke, na mama aliyetabasamu kama mtu ambaye hajawahi kununua makaa.

"Bosi, umeyaona majibu?"

"Nimeyaona."

"Si vijidudu. Ni risasi. Tukiendelea kuwaambia wachemshe tunawa—"

"Madam Nasike." Wanyoike alijipangusa vidole kimoja kimoja. "Hayo majibu hayatoki nje mpaka yasainiwe huko juu. Yakisainiwa, kamati itaketi. Kamati ikiketi, itatunga ujumbe mpya. Ujumbe mpya unataka bajeti. Mimi niko na nini saa hii? Niko na haya."

"Basi tusibandike chochote."

"Niwaonyeshe wakaguzi ukuta mtupu? Waseme hatukuhamasisha wananchi? Na tuseme tumemfungia Mugo kisima leo. Huo mtaa utakunywa nini jioni?"

Swali hilo la mwisho lilikuwa la haki, na ndilo lililomuudhi zaidi.

"Kwani kandarasi yako inaisha lini?" Wanyoike akauliza, kwa upole, kama mtu anayeulizia watoto wa mwenzake.

"Tarehe thelathini."

"Majina ya kuongezewa muda nayapeleka Jumatatu."

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, nao wahenga hawakuwahi kulipa kodi ya nyumba Nairobi. Nasike alihesabu mabango themanini, akayaweka kwenye mfuko, akatoka.

Walianzia kwa kinyozi. Mama Adoyo akipaka, Nasike akibandika, akirudi nyuma hatua mbili na kupiga picha. Moja. Lango la ploti ya ghorofa nne, mbili. Kanisa la mabati, tatu. Kila picha ilipofika kwenye grupu, Wanyoike alirudisha alama ya dole gumba.

"Niaje daktari," kijana wa kinyozi alikuwa amemuuliza, mashine ikinguruma mkononi. "Ati kolera imerudi?"

"Hapana. Mchemshe tu maji."

Alijisikia akisema hivyo. Sauti ilikuwa yake, ya kawaida. Miaka ya nyuma angekosa usingizi kwa jambo dogo kuliko hili. Lakini kazi hii inakuondolea moyo kidogo kidogo, ripoti moja baada ya nyingine isiyosomwa, na bandubandu humaliza gogo. Kufikia bango la ishirini alikuwa akifikiria chaji ya simu.

Mama Adoyo yeye hakuwa amepoa hata chembe. Kila mlango aliugonga kwa jina la mwenyewe. "Mama Tevin! Umeona hii picha? Usiwe mvivu, chemsha. Mimi kwangu mjukuu hagusi maji bila kuchemsha." Na watu walimwitikia, maana huyu ndiye aliyewazalisha wengine usiku wa mvua, na wengine aliwakimbiza hospitali kwa mkokoteni. Nasike alitazama pembeni.

Bango la arobaini lilikuwa la ukuta wa Awuor, chumba cha mwisho kwenye baraza la ploti ya mawe. Awuor hufulia watu nguo, lakini wiki hiyo hakwenda kufua. Jiko la makaa lilikuwa mlangoni, sufuria kubwa juu yake, na mwanawe Sylvance, mwenye miaka mitatu na nusu, ameketi kwenye kigoda akitazama ukuta.

"Daktari!" Awuor aliruka juu kwa furaha. "Kuja uone. Mimi sijakuangusha."

Alifunua sufuria. Maji yalikuwa yakitokota.

"Wewe ulisema dakika kumi. Mimi naacha saa nzima. Inashuka mpaka hapa." Alionyesha kwa kidole alama nyeupe iliyojichora ndani ya sufuria, chini kabisa ya nusu. "Ikibaki hiyo kidogo ndio najua zile vitu zote zimekufa. Hiyo ni ya Sylvance peke yake. Sisi wakubwa tunakunywa tu ya mtungi."

"Na makaa?" Nasike aliuliza, kwa sababu hakujua aulize nini.

"Mkebe ni mia saa hii. Nilikuwa nachoma moja kwa siku, sasa ni mbili. Si kitu. Mtoto kwanza."

"Tumbo lake?"

"Bado inamsumbua. Na ameacha kuongea-ongea. Alikuwa anaimba huyu, mpaka majirani wanalalamika. Siku hizi anaangalia tu." Awuor alishusha sauti, kama anayekiri kosa. "Nafikiri sichemshi ya kutosha."

Ganzi ya Nasike haikumtoka. Lakini chini yake kulikuwa na aibu, kubwa, na aibu alikuwa bado anaijua.

"Awuor. Toa hiyo sufuria kwa moto."

"Haijashuka bado."

"Itoe. Hayo maji yako na sumu ya betri, kutoka kwa ile yadi. Moto hauwezi kuitoa. Ukichemsha mpaka ibaki kidogo, sumu yote inabaki ndani ya hiyo kidogo."

Awuor alitazama sufuria. Kisha alitazama bango kando ya mlango wake, gundi ikiteremka ukutani.

"Lakini hii umebandika saa hii."

"Ndiyo."

"Hata haijakauka."

"Ndiyo."

Laiti angepiga kelele, Nasike angejua la kufanya. Alishazoea kupigiwa kelele. Awuor alishusha sufuria kwa ncha ya leso, akaiweka sakafuni, akamchukua Sylvance na kumpakata, ingawa mtoto hakuwa amelia.

"Nimempea wiki mbili," alisema. "Mimi mwenyewe. Na kikombe yake."

Mama Adoyo aliweka ndoo chini.

"Ulijua lini?"

"Leo asubuhi."

"Asubuhi. Na umenitembeza milango arobaini."

"Kandarasi yangu, Mama, iko mkononi mwa—"

"Mimi sina kandarasi," Mama Adoyo alisema. "Mimi niko na jina tu. Nikiambia mtu wa hapa chemsha, anachemsha."

Nasike aliuweka mfuko wa mabango chini. Alitoa karatasi, akaandika barua ya kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa apimwe risasi kwenye damu, akaweka sahihi na nambari yake ya simu. Awuor aliisoma mara mbili.

"Na maji nitoe wapi?"

"Ya bomba la mji, pale karibu na barabara."

"Hiyo hutoka Jumatano."

Ilikuwa Alhamisi.

Nasike alitoa bango jingine kwenye mfuko, akaligeuza upande mweupe, akachuchumaa juu ya saruji na kalamu ya wino mzito. MAJI YA KISIMA HIKI YANA SUMU YA BETRI. HAITOKI KWA KUCHEMSHA. MSIWAPE WATOTO. Akaandika jina lake chini, lote, na cheo. Mama Adoyo alisoma, akachukua ndoo, akatangulia.

Kwenye kioski cha Mugo, yanapouzwa maji ya kisima, kulikuwa na foleni ya watu kama ishirini. Walibandika juu ya dirisha, mahali ambapo jicho haliwezi kupakosa. Nasike alirudi nyuma hatua mbili, akapiga picha. Maneno yalisomeka vizuri kabisa. Aliandika 41, akatuma kwenye grupu, akasimama kungoja simu ipigwe.

Haikupita nusu dakika. Dole gumba. Kisha maneno: *Kazi safi. Harakisha, yamebaki 39.*

Alisoma tena, huenda kuna kitu hakukiona. Hakukuwa na kitu. Mkubwa wake alihesabu picha, hakuzitazama, na labda kesho wakaguzi nao wangezihesabu hivyohivyo, hii ikiwamo. Alimpa Mama Adoyo simu asome, naye akamrudishia.

Katika foleni, msichana wa sare ya duka alianza kusoma bango kwa sauti, neno kwa neno, na wengine wakanyamaza kumsikiliza. Alipofika kwenye jina la Nasike aligeuka kumtafuta.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni ukweli?"

"Ni ukweli. Nimepima."

"Sasa tukunywe gani?"

Watu wote walimwelekea. Hata Winny, muuza maji, alitoa kichwa dirishani, mpira wa maji ukimwagikia mkononi mwake. Nasike alifungua mdomo. Alikuwa na diploma, na miaka kumi na mmoja, na majibu ya maabara kwenye simu, lakini la kuwaambia hakuwa nalo.

"Anayefuata," Winny alisema hatimaye.

Mwanamke wa mbele alisita, akatazama bango, akatazama mtungi wake. Akauweka chini ya mpira. Msichana aliyesoma alimngojea Nasike kidogo zaidi, kwa adabu, kana kwamba sentensi haijaisha. Kisha akausukuma mtungi wake mbele kwa mguu.