Mfalme wa Mchana Mmoja

Adhuhuri ya siku ya Tamthilia, viti vya mbele katika uwanja wa nchi ya Majivuno vilikuwa vimetandikwa hariri, na watu wa nyuma walikuwa wamesimama. Kila mwaka nchi hiyo ilicheza mchezo uleule wa kale, na nafasi zake zilinunuliwa: mwenye mali alikuwa mfalme, fukara alikuwa mtwana. Tena sheria, iliyotungwa na matajiri wenyewe, iliamuru kwamba neno lililotamkwa jukwaani mbele ya kadhi ni ahadi. Hivyo mtwana aliyetamka "Nitakutumikia" alimtumikia mfalme wake mwaka mzima bila ujira.

Mwaka huo mfalme alikuwa Bwana Takaburi, na kwa kuwa hakuridhia binti wa mwingine avae taji, binti mfalme alikuwa mwanawe, Bashasha. Mtwana alikuwa Stahamala, mtia rangi nguo, aliyekwisha kumposa Bashasha na kufukuzwa, maana Takaburi alisema mikono ya buluu haitashika mkono wa ukoo wake.

Katika mchezo, mtwana humwokoa mfalme asiliwe na simba, naye mfalme humtunukia binti yake. Wafalme waliotangulia waliiruka kauli hiyo ya kuoza, isije ikawafunga, na Takaburi naye aliazimia kuiruka. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na uwanja ulikuwa ukimshangilia tangu mwanzo.

"Baba," Bashasha akanong'ona, "wanangoja hotuba yako. Au umeisahau?"

"Mimi nisahau?" Akajitokeza mbele, akainua fimbo. "Ewe mtwana mwaminifu, nakuoza binti yangu, na mbingu zishuhudie."

Makofi yakarindima. Kadhi Insafu akasimama.

"Nimesikia."

"Ule ni mchezo tu, Kadhi," Takaburi akasema.

"Na 'Nitakutumikia' huwa ni nini?"

Watu wa mbele wakatazama viatu vyao. Wa nyuma wakaanza kucheka.

"Lakini itazame mikono yake," Takaburi akasema, "ni ya buluu mpaka viwikoni."

"Ndoa haihitaji sabuni, Bwana, inahitaji ridhaa. Nawe, Bashasha, wamridhia?"

"Kadhi, taji hili lina uzito wa jiwe la kusagia. Wadhani nimelivaa muda wote huu kwa ajili ya simba?"

Matajiri wakainuka kwa pamoja, wakaomba sheria ifutwe upesi, kabla haijawafikia na wao.

"Itafutwa," Kadhi akasema, "baada ya nikahi."

Nikahi ikafungwa palepale jukwaani, aliyevaa ngozi ya simba akiwa mmoja wa mashahidi. Kisha sheria ikafutwa. Alasiri, Takaburi alionekana akila pilau katika sinia moja na ukoo mzima wa watia rangi, akiomba aongezewe kachumbari.