Pale Lami Inapokatika

Barabara ile ilikuwa aibu tupu, na aibu ya lami huwezi kuifunika kwa mkono. Ilitoka mjini upande wa juu, pana, nyeusi tititi, na mistari yake myeupe kama kawaida, ikafika kwenye mpaka wa halmashauri na kukatika. Mbele yake majani. Ya upande wa chini nayo ilikuja vizuri tu, ikafika mpakani, ikakatika. Ungedhani zimekutana uso kwa uso. Wapi! Moja ilipinda mashariki, nyingine magharibi, na katikati pakabaki pembe ya makaburi na korongo la kumvunja mtu kiuno.

Watu walisema mengi. Wengine walisema pesa zimeliwa, wengine walisema wataalamu walichora wakiwa wamelewa. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko hayo, na ndiyo maana unauma zaidi. Wanaume wawili walikuwa wamenuniana.

Wa kwanza alikuwa afisa mipango wa halmashauri ya juu. Ofisini walimwita Rula, kwa sababu hata barua ya kuomba likizo aliipigia mistari kwanza. Wa pili alikuwa afisa mipango wa halmashauri ya chini, na huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Sheria ilitaka halmashauri jirani zikae pamoja kabla ya kupanga matumizi ya ardhi ya mpakani. Kamati ya kazi hiyo ilikuwepo, ina mwenyekiti na mhuri, ila haikuwahi kukaa hata siku moja. Kikao chenyewe kilikuwa sebuleni kwa Rula. Shemeji alikuja Jumapili na ramani zake kwapani, wakazitandaza mezani, na mke wa Rula akaweka birika la chai kwenye pembe zisijikunje.

"Wewe ukiweka machinjio hapa," alimwambia kaka yake, "na huyu shule yake iko pale, hao watoto watasoma wameziba pua? Au upepo unaujua mpaka?"

Wakacheka, wakafuta. Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka, na hakuna mkurugenzi aliyejua kwamba mipango ya halmashauri mbili ilikuwa inasimamiwa na mwanamke mwenye birika.

Kisha akafa. Homa ilianza kama mzaha, ikammaliza kabla ya wiki kwisha. Na juu ya maiti, kabla hata machozi hayajakauka, wanaume wale wakagombania mahali pa kumzika. Shemeji alitaka alale kwao, ubavuni mwa mama yake. Rula alimtaka nyuma ya nyumba, amwone kutoka dirishani. "Ulimchelewesha hospitali," shemeji akamwambia mbele ya watu wote, "na sasa unataka kumficha uani?" Neno likitoka halirudi. Shangazi mtu ndiye aliyekata shauri: azikwe kwenye makaburi ya mpakani, asiwe wa huyu wala wa yule. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Zamu ya barabara ilipofika, kila mmoja alijifungia ofisini kwake. Mstari wa zamani ulipita sawasawa juu ya kaburi. Rula akaupinda mashariki ili mkewe asisumbuliwe. Shemeji, kwa mapenzi yaleyale, akaupinda magharibi. Kila mmoja alijiambia kwamba mwenzake lazima atapinda alikopinda yeye, mtu mwenye akili angepinda wapi kwingine? Kuuliza wakaona haya. Matingatinga yakaja, lami ikamwagwa, viwanja vikagawiwa kandokando, nyumba zikasimama, na walipoinua macho, ndiyo hivyo tena.

Sasa ndipo alipoanza kuonekana.

Si usiku. Huyu alionekana mchana kweupe, jua la utosini. Dereva wa ofisi, mzee mzima asiye na porojo, ndiye aliyemletea Rula habari. Madereva walikuwa wanamwona mwanamke mwenye gauni la bluu, amesimama pale lami inapokatika, viatu vyake amevishika mkononi, ananyoosha kidole ng'ambo. Waliotoka juu walisema anaonyesha chini. Waliotoka chini walisema anaonyesha juu.

"Viatu mkononi?" Rula aliuliza.

Mkewe hakuwahi kukanyaga tope na viatu. Miguu inaoshwa, alikuwa akisema, viatu vinanunuliwa.

Rula akaanza kwenda. Kila mchana alisimama pale kando, shati jeupe limemgandia mgongoni, akitazama majani. Hakuona kitu. Wauza nyanya walimwona, waendesha bodaboda walimwona, hata mlevi mmoja ambaye hakuwahi kumjua alimwona akamwamkia! Yeye aliyelala naye kitanda kimoja, hata kivuli. Wivu ulimshika, wivu wa kijinga kabisa, wa kuwaonea wapita njia.

Mkurugenzi naye akachoka kuchekwa. Akamwagiza aitishe kikao cha pamoja, barabara iunganishwe. Rula akawa na visingizio kama mwanafunzi mtoro: leo vipimo havijakamilika, kesho mvua. Moyoni alijua anachokifanya. Barabara zikiungana, yule mwanamke atakuwa na nini tena cha kuonyesha? Ataondoka. Na Rula alikuwa radhi mkewe asimame juani kama mkiwa kuliko asiwepo popote.

Asubuhi moja dereva hakuja kazini. Alikuja mchana, suruali ina matope hadi magotini, akasimama mlangoni bila kubisha.

"Bosi, binti yangu alishikwa uchungu. Ameolewa kule chini, unajua. Gari la wagonjwa kutoka huku juu likaishia mwisho wa lami. Tukambeba kwa mikono. Amejifungulia korongoni. Mtoto hakulia."

Rula alisimama.

"Na yule mama alikuwepo," dereva akaongeza. "Leo hakunyoosha kidole. Alikaa chini kwenye majani, mikono kichwani."

Rula hakuchukua ramani wala rula. Alitoka kama alivyo, akashuka korongo kwa miguu, akapanda upande wa pili, akaenda hadi ofisi ya halmashauri ya chini. Shemeji alimwona mlangoni na kalamu ikamponyoka. Alikuwa amezeeka. Wote wawili walikuwa wamezeeka.

"Karibu, shemeji," akasema, basi tu.

"Umesikia ya leo?"

"Nimesikia." Kisha shemeji akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe umewahi kumwona?"

"Hata siku moja. Na wewe?"

"Naenda kila alfajiri. Sijamwona." Uso wake ukakunjamana. "Dada yangu anaonwa na wauza nyanya, mimi hapana!"

Walilia pale ofisini, wanaume wazima, na karani aliyechungulia akafunga mlango polepole. Walipomaliza wakavuta viti. Kushoto kulikuwa na nyumba za watu, kulia nyumba za watu. Njia ya kuunganisha ilikuwa moja tu, na wote walijua inapita wapi.

"Itabidi tumhamishe," alisema Rula.

"Tumpeleke wapi?" Shemeji aliuliza bila kuinua macho, maana swali lilikuwa lilelile lililowatenganisha.

Rula aliliona dirisha la nyumbani kwake, na uani kulivyo kutupu. Ilimchoma. Angesema neno moja tu, na shemeji siku ile angekubali lolote.

"Mpeleke kwa mama yake," akasema. "Nilimchelewesha kweli, shemeji. Mpeleke nyumbani."

Walimhamisha wenyewe, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Lami ikaunganishwa kabla ya mvua kubwa. Magari ya wagonjwa yakapita bila kukanyaga breki, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwona tena mwanamke wa gauni la bluu.

Miezi ikapita. Siku moja dereva alikuwa anamrudisha Rula kutoka kikao cha pamoja, kile cha kweli sasa, chenye mhuri. Walipokaribia mpaka, mzee akapunguza mwendo.

"Bosi, kuna maneno. Madereva wageni wanasema hapa bado kuna mzimu. Ila wanasema siku hizi ni mwanamume. Ana shati jeupe, anasimama kando ya barabara jua kali, hasogei, hasemi."

Rula alitazama nje ya dirisha.

"Na wewe unawaambiaje?"

"Nawaambia yule si mzimu, ni mtu hai, namfahamu, anamngoja mkewe." Dereva akabadilisha gia. "Hawaniamini."